Mchumba wa Fundi Laurencia

Kule Endamarariek ukiuliza nyumba ya Valeriani, utaulizwa kwanza: yule baba wa fundi? Maana binti yake wa tatu, Laurencia, ndiye mwanamke pekee aliyevaa ovaroli katika gereji ya mzee Joseph pale Karatu mjini, na magari mengi ya watalii yanayopanda Ngorongoro asubuhi yalikuwa yamepita mikononi mwake.

Alipokuwa na miaka ishirini na miwili alimpata Benson, dereva wa watalii, kijana mtanashati mwenye neno tamu kwa kila mtu. Siku alipopelekwa nyumbani aliingia jikoni, akavuta kigoda, akamenya viazi huku akimchekesha mama yake Laurencia, Evarista, mpaka mama akashika mbavu. Haikupita miezi mitano Benson akataka kuleta barua ya posa. Laurencia akaenda kumwambia baba yake, akiwa na hakika ya kupata baraka.

Valeriani alikuwa anapukuchua mahindi. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama amewahi kumwona kijana huyo siku aliyokosea. Laurencia akajibu kwamba Benson hana kosa la kutaja.

"Basi bado hujamjua," baba akasema. "Sikukatazi, mwanangu. Utakayeishi naye ni wewe, si mimi. Ila barua isije mwaka huu. Ngoja kwanza umwone akiwa amebanwa."

Laurencia aliondoka amevimba kwa hasira. Yeye anayeshusha injini nzima na kuirudisha ikanguruma, leo anafanywa mtoto. Wiki tatu hakukanyaga nyumbani, na mama alipopiga simu alijibiwa kwa mkato. Hata hivyo hakumwambia Benson alete barua. Chini ya hasira ile alijua kwamba baba amemuuliza jambo ambalo yeye hakuwa na jibu lake.

Jibu lilikuja mwezi wa nne, masika yamekolea. Siku ya Jumanne Laurencia aligundua tundu dogo kwenye rejeta ya gari la Benson, akamwambia asilitoe gari mpaka tundu lizibwe. Benson akasema ana safari fupi tu, atalirudisha jioni. Hakulirudisha. Alhamisi simu ikalia gereji: gari limechemka juu kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, lina wageni wanne, na ukungu umefunga. Mzee Joseph akamtuma Laurencia.

Alimkuta Benson amesimama na wageni wake wakitetemeka kwa baridi. Kabla hata hajaweka sanduku la vifaa chini, alimsikia akiwaeleza kwa Kiingereza kwamba huyu ndiye fundi aliyelitengeneza gari vibaya, na kwamba atahakikisha anachukuliwa hatua. Alisema bila kupepesa macho. Kisha akampigia bosi wake, akarudia uongo uleule kwa Kiswahili, Laurencia akiwa hatua mbili tu kutoka kwake.

Laurencia hakubishana. Alilala kwenye tope, akaziba tundu, akajaza maji, akawasha. Gari likaitika. Mama mmoja wa kigeni akamshika mkono mchafu vile vile akamshukuru. Ndipo Benson alipomsogelea kando, akicheka, akamwambia asichukulie moyoni, yale yalikuwa maneno ya kazi tu.

"Ulikuwa na nafasi mbili za kusema kweli," Laurencia akamwambia, "na mara zote mbili ukanitupa mimi. Usilete barua."

Jumamosi ile alikwenda nyumbani. Alilia kwa mama yake, akala, akalala hadi mchana. Baba hakusema kwamba alimwonya. Alimwambia tu shamba la maharage limekuwa pori, akampa jembe, wakapalilia pamoja mpaka jua likazama.

Miaka mitatu ikapita. Watu wa ukoo walianza kunong'ona kwamba binti anazeekea chini ya magari. Ndipo akatokea Emmanueli, mwendesha pampu wa shamba moja la kahawa, ambaye wazazi wake walihama Singida zamani kuja kuchuma kahawa na wakabaki. Alileta pampu iliyoungua. Laurencia alipomuuliza imekuwaje, alijibu bila kuzunguka: "Niliiwasha bila maji. Nimeiua mimi mwenyewe, na msimamizi nimeshamwambia." Alikuwa na barua ya onyo mfukoni.

Laurencia hakukurupuka. Alimtazama mtu huyu kwa miaka miwili. Alimwona akiuguza baba yake, alimwona akinyimwa cheo alichostahili, aligombana naye mara mbili na mara zote mbili akamwona akirudi kuzungumza. Alipotosheka, akaenda tena kwa Valeriani.

Safari hii aliyesita ni baba. Ndugu zake walikuwa wamemjaza maneno: mtu wa kuja, hana shamba, hata lugha yetu haijui. Mzee akaanza kuyarudia hayo, kwa sauti ya mtu asiyeyaamini sana.

"Baba, hayo yote ni ya mahali alikotoka," Laurencia akasema kwa upole. "Wewe hukunifundisha kutazama hayo. Mimi nimeshamwangalia. Nakuomba na wewe uende ukamwangalie."

Kesho yake Valeriani akavaa koti lake la kanisani, akaenda peke yake kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba la kahawa. Alishinda huko siku nzima, akala ugali na mlenda na wazazi wa Emmanueli, akamwona kijana akirudi kazini amelowa na kuanza kumchotea mama yake maji kabla ya kukaa. Aliporudi aliwaita ndugu zake, akawaambia kwamba barua ya posa itapokelewa na yeye mwenyewe, na atakayetaka kupinga aende kwanza akashinde siku moja pale alikoshinda yeye.

Hakwenda hata mmoja.

Harusi ilifungwa mwezi wa nane, maharage yakiwa yameshavunwa. Laurencia alikataa gari la kukodi. Kulikuwa na Land Rover kuukuu aliyoinunua kama chuma chakavu, akaiunga kipande kwa kipande baada ya saa za kazi. Akaingia humo na shela lake, akashika usukani mwenyewe, baba yake akakaa kando yake, mama na mashangazi wakajazana nyuma wakipiga vigelegele. Mafundi wa gereji walijipanga barabarani na ovaroli zao wakigonga spana kwa spana. Mlima wa kuelekea kanisani, ule unaoyashinda magari mengi kwa vumbi lake, Land Rover iliupanda kwa gia ya pili bila kukohoa, na Valeriani alikuwa ametoa mkono wote dirishani, akisalimia kila mtu aliyemwona, anayemjua na asiyemjua.