Mideva Hapulizi Moto

Watu wa mtaa wa Gatwekera, Nairobi, walianza kumchukia Sella Mideva kwa sababu ya jiko. Alilipepea kwa kipande cha katoni. Kulipuliza kwa mdomo, katu. Miaka mingi alikuwa amemfanyia kazi ajuza wa Kiparsi huko Parklands, mama aliyejifunika mdomo kwa kitambaa kila alipousogelea moto, kwa kuwa kwao moto ni mtakatifu na pumzi ya mtu huuchafua. Mideva akazoea, basi. Yeye mwenyewe alikuwa Mkristo, tena mwanakwaya.

Ajuza alipokuwa mahututi alimkabidhi kitabu chake cha sala kutoka Avesta, maandiko ya dini ya Zarathustra. "Mjukuu wangu atakuja kutoka Uingereza. Mpe mkononi." Mideva akaapa.

Miaka ile Nairobi nzima ilimwona shetani kila pembe. Rosebella, jirani mwenye macho ya kuchungulia na ulimi usiojua Sabato, alikiona kitabu kile chenye maandishi ya ajabu, akamleta pasta Wanzala na akina mama wa kanisa. Hawakubisha hodi.

"Hii ni kitabu ya mashetani," Rosebella alisema.

"Ni ya mama alikufa. Ni maombi tu, niliachiwa nimwekee mjukuu wake."

"Anaomba nani?"

"Mungu."

Pasta alifunua kurasa mbili tatu, akawa karibu kumrudishia. Rosebella akakinyakua, akakibwaga jikoni juu ya makaa yaliyokuwa yakififia, akainama apulize.

"Usipulize moto na mdomo."

Maneno yalimtoka Mideva kabla hajayafikiri.

"Mmejisikilia wenyewe," pasta akasema. "Huyu anaabudu moto."

Mideva alitia mikono yote miwili kwenye makaa, akakitoa. Hakuna aliyemsaidia, hao wanaohubiri kumpenda jirani. Mwenye nyumba naye alikuwa muumini wa pasta, kwa hiyo kesho yake Mideva alihamia Kawangware na malengelenge yake.

Mjukuu alikuja Desemba. Alikuwa amekulia Nairobi, Kiswahili hakijamtoka. Alikitazama kitabu kilichoungua pembe, uso ukamkunjamana.

"Mumetia kwa jiko? Nyanya alikuamini. Nyinyi watu hamuna heshima kabisa."

Mideva alificha viganja vyake ndani ya leso. Aliwachukia wote, wa huku na wa kule.

Jioni aliwasha jiko. Katoni ilikuwa pale pale ukutani. Akaiacha, akapiga magoti, akayapuliza makaa kwa mdomo, kwa nguvu zake zote, mpaka majivu yakamrukia usoni.