Mbuzi Mwekundu wa Caz

Orrin Tackett alifungia magari milango kiwandani Pontiac, Michigan, kwa miaka thelathini na mmoja. Gari lililompumbaza ni GTO, ambalo huko kwetu kila mtu aliliita Mbuzi, na katika mambo ya Mbuzi Orrin ndiye aliyekuwa kadhi. Ukimwonyesha taa ya nyuma tu, anakutajia mwaka. Ya mwaka wa sitini na nne aliiheshimu kwa kuwa ndiyo ya kwanza, ila taa zake za mbele zimelala ubavu kwa ubavu, akasema zinaipa sura ya mtu mpole. Ya sitini na sita ina kiuno. Ya sitini na saba kiwanda kiliinyang'anya kabureta tatu, na hilo hakulisamehe mpaka anakufa. Ya sitini na nane watu waliisifu kwa bampa lake lisilobonyea. Yeye alisema imenenepa.

Lakini ya sitini na tano! Taa moja juu ya nyingine, kabureta tatu zimejipanga chini ya boneti. Akiitaja hiyo alishusha sauti.

Rafiki yake alikuwa Casimir Zielonka, Caz, mwuza nyama wa Hamtramck aliyetengeneza soseji za Kipolandi na asiyejua kutofautisha kabureta na birika. Mwaka 1989 mteja alimdokeza kwamba kuna mjane mmoja, mkulima upande wa Lapeer, anauza Mbuzi wawili waliolala bandani miaka mingi. Caz akamchukua Orrin akamchagulie. Mimi nilifanya kazi mstari mmoja na Orrin kiwandani. Nikaenda kusaidia kusukuma.

Tulivua maturubai. Moja lilikuwa jekundu, la sitini na sita, linang'aa. La pili la sitini na tano, kijani, kutu imekula mabati ya juu ya magurudumu.

"Haya, profesa," Caz akasema. "Nichukue lipi?"

Orrin alizunguka muda mrefu. Akafungua mlango wa lile jekundu, akainama kwenye nguzo ya mlango, akakaa hapo kidogo. Kisha akasimama, akajifuta mikono.

"Chukua jekundu. Wewe si fundi, Caz. Hili la kijani litakutoa roho."

"Na la kijani atachukua nani?"

"Nitalihangaikia mimi."

"Loo! Masikini wee," Caz akacheka, akampiga mgongoni. "Unajitwisha mzoga kwa ajili yangu!"

Alichokiona Orrin pale kwenye nguzo alikuja kuniambia baadaye sana. Hapo ndipo kiwanda hupigilia kibati cha namba ya gari, na namba ya GTO ya mwaka ule huanza na 242. Ile ilianza na 237. Lilikuwa LeMans, ndugu yake wa kawaida, lililovalishwa nembo na boneti za mwenzake. Orrin alimuuzia rafiki yake mbuzi kwenye gunia ili yeye abaki na yule wa kweli.

Miaka ishirini na mbili waliendesha pamoja kila Jumamosi ya kiangazi barabara ya Woodward, jekundu mbele, kijani nyuma. Caz akitaka kulipeleka kwenye maonyesho ya magari ya kale, Orrin humkataza: "Wale majaji wana majivuno, watakuharibia siku." Hakuna aliyekagua namba. Nani angekagua kitu alichokichagua Orrin?

Caz alianguka dukani mwaka 2011, akafa siku hiyohiyo. Binti yake Renata akaamua kuuza gari arekebishe nyumba. Mnunuzi akaja kutoka Ohio na tochi yake, na Renata akatuita tuwepo. Yule bwana aliinama kwenye nguzo ya mlango, akainuka.

"Mama, hili ni LeMans."

"Haiwezekani. Anko Orrin, mwambie."

Orrin angeweza kusema kibati cha namba kilibadilishwa. Nilimwona akilitafuta neno hilo. Akaliacha.

"Anasema kweli, Renata."

"Umejua lini?"

"Tangu Lapeer."

Renata aligeuka akalitazama lile la kijani lililoegeshwa nje.

"Baba alikuwa akikuombea kila chakula cha Krismasi," akasema. "Kila mwaka, Anko. Kwa jina."

Kesho yake Orrin alimpelekea ufunguo wa lile la kijani. Renata hakufungua mlango wa wavu. "Ondoka nalo. Wanangu wataniuliza limetoka wapi, niwajibu nini?"

Orrin akaniomba nimpeleke kwa Halina, mjane wa Caz, aliyekuwa kwenye nyumba ya wazee. Alisimama mbele yake ameshika kofia, akaanza kueleza. Halina akamkatiza.

"Caz alijua."

"Alijua nini?"

"Mwaka wa pili tu. Mtu wa Toledo alimwonyesha namba. Alirudi nyumbani akakaa jikoni, hata koti hakuvua."

"Mbona hakuniambia?"

"Alisema ukijua kwamba anajua, hutakuja tena. Nilimwambia na usije, kwani nini! Tuligombana wiki nzima kwa ajili yako." Akajifunika shali. "Mimi sikukusamehe, Orrin. Nilikuwa nakupakulia chakula tu."

Gari la kijani Orrin aliliuza mwezi huo kwa mtu asiyemjua, bila kubishana bei. Jumamosi alikaa nyumbani. Vijana walimpigia simu aje awachagulie magari; akawaambia macho yamekufa.

Alifariki baada ya majira ya baridi mawili. Mbuzi kumi na wanne walikuja makaburini, wa kila mwaka, wamepigwa rangi na kusuguliwa, na wenye magari wakamsifu sana. Halina alikuja akikokota kigari chake cha kutembelea, akakaa kiti cha nyuma ya waombolezaji. Renata ndiye aliyemleta. Yeye alibaki barabarani, ndani ya gari lake, injini inanguruma, mpaka mama yake alipomaliza.