Mpimaji wa Mlio

Mpimaji wa sarafu katika kiwanda cha kutengeneza sarafu cha Kairo hufunga kifungo cha juu cha koti lake la buluu hata wakati wa joto, na kabla ya kazi hujifuta vidole vyote kumi, kimoja kimoja, kwa kitambaa kilekile. Siku ya familia za wafanyakazi kutembelea kiwanda, aliwasimamisha mkewe na bintiye Nermin kando ya meza, akaanza kudondosha sarafu mpya juu ya bamba la chuma. Nzima hulia kama kengele. Yenye ufa hutoa mlio mfu, nayo hutupwa ndooni. "Wallahi, hapa anasikia hadi ufa," mkewe alitania, "nyumbani namwita mara tatu, kimya!" Watu wakacheka. Nermin hakucheka. Alikuwa ameona kwamba baba yake hategi sikio. Kila sarafu inapodondoka humtazama Bi Safaa, mwenzake wa upande wa pili wa meza, naye Bi Safaa hukunja uso kidogo kila mlio unapokuwa mfu.

Mara Bi Safaa akaitwa mlangoni, na msimamizi akaja kusimama nyuma ya mpimaji. "Endelea, fundi, wageni waone kazi." Sarafu ikadondoka, mlio mfu. Mkono ukabaki hewani. Macho ya mpimaji yakaizunguka meza polepole, yakatua kwa binti yake, bila kuomba chochote. Nermin akakunja uso. Sarafu ikaenda ndooni.

"Masikio haya hayazeeki!" msimamizi akasema.

Nermin akazunguka meza, akasimama pale alipokuwa Bi Safaa, akangoja sarafu inayofuata.