Bima ya Bi Mkubwa

Majirani walikuwa wakisema kinyozi wa mtaa ule ana wake wawili, na kwamba yule asiyekula wala kulala ndiye anayependelewa. Walikuwa wanalisema gari lake. Lilikuwa gari la kale, refu, rangi ya maziwa, lenye taa za mbele za duara na usukani mpana kama sinia. Mwenyewe aliliita Bi Mkubwa, tena mbele ya mke wake wa ndoa, bila aibu hata chembe. Mke huyo, muuguzi wa wodi ya wazazi, alikwisha kuzoea. Alisema afadhali mke mwenza asiyejibu.

Kinyozi mwenyewe walimwita Wembe. Ukishakaa kwenye kiti chake ukafungwa shuka shingoni, huna pa kukimbilia. Utasimuliwa Bi Mkubwa kuanzia bampa mpaka bomba la moshi. Utaambiwa lilivyolipita basi la abiria kwenye mlima. Utaambiwa kuwa tajiri mmoja alipiga magoti mbele yake akiomba auziwe. Tajiri huyo hakuna aliyewahi kumwona, na kila mwaka alikuwa akizidi kuwa tajiri, lakini nani atabishana na mtu aliyeshika kitu chenye makali karibu na sikio lake? Watu walinyolewa, wakaitikia, wakaenda zao.

Jambo moja tu kuhusu gari lile hakulisimulia dukani, na ndilo pekee lililokuwa la kweli tupu. Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, alimpeleka mkewe hospitali. Nyumba yao ilikuwa ndogo na imejaa. Kulikuwa na watoto, na kulikuwa na mama mkwe, bibi mwenye heshima zake, ambaye magoti yalimsumbua na macho yalimsumbua lakini masikio, alhamdulillahi, yalikuwa mazima kabisa. Kwa hiyo mambo ya mume na mke yalihamia garini. Jambo likizuka mezani, mmoja wao husema, "Tutaongea garini," na mwenzake hunyamaza. Majina ya watoto yalichaguliwa garini. Ugomvi mkubwa wa ndoa yao, ambao hakuna mtu mwingine aliyewahi kuujua, ulianzia garini na kuishia garini. Walikuwa na utaratibu kabisa: mambo madogo kabla ya daraja, makubwa baada ya daraja, ili atakayenuna asipate muda mrefu wa kununa kabla ya kufika geti la hospitali.

Mambo yangeendelea hivyo mpaka uzee kama si wakala mmoja wa bima, kijana nadhifu aliyeitwa Tai kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona shingo tupu. Huyo Tai alikaa kwenye kiti, akafungwa shuka, akasimuliwa habari za tajiri na magoti yake. Badala ya kuitikia kama wengine, akauliza gari lina bima gani. Bima kubwa, alijibu Wembe kwa majivuno, ile inayolipa kila kitu. Tai akamwonea huruma.

"Mzee, wao wanahesabu miaka," alisema. "Kwa miaka ya gari lako, likiungua leo watakulipa hela ya godoro. Zuri, sikatai. Lakini godoro."

Wembe hakulala vizuri siku hiyo, na godoro lenyewe halikumsaidia. Kesho yake alifunga duka akaanza kuzunguka ofisi za bima. Ofisi ya kwanza, binti wa mapokezi aliandika mwaka wa gari kwenye kompyuta, kompyuta ikakataa, akajaribu tena, ikakataa tena, mwishowe akapendekeza waandike mwaka ambao kompyuta inaupenda. Ofisi ya pili walimwuliza kama ni trekta. Ofisi ya tatu walikuwa na kiyoyozi kizuri sana, wakampa maji ya baridi, wakamwambia kwa upole kwamba kwa gari la umri huo wao wangemshauri anunue bima ya maisha. Alirudi dukani akiwa na hasira kiasi kwamba siku nzima hakusimulia chochote, na wateja wakadhani amefiwa.

Ndipo Tai alipomletea habari njema. Ipo kampuni, alisema, inayokatia bima magari ya kale peke yake. Thamani haipangwi kwa miaka. Mwenye gari na kampuni hukaa wakakubaliana. Mkaguzi wao alikuja kweli, amevaa glavu nyeupe, akalizunguka Bi Mkubwa kwa hatua za taratibu kana kwamba kuna mgonjwa amelala, akapiga picha hata chini ya viti. Wembe alikaribia kulia. Kwa mara ya kwanza maishani alimwona mtu akiliangalia gari lile kama anavyoliangalia yeye.

Masharti, alisema mkaguzi, ni madogo tu. Gari lilale ndani ya banda lenye kufuli. Lisiende kazini, lisiende sokoni, lisifanye safari yoyote ya kila siku. Litoke kwa matembezi ya mapumziko na maonyesho, basi. Na mwenye gari awe na gari jingine la matumizi ya kawaida, ili kampuni iamini kwamba hili halitumiki. Kwa maneno mengine, ili aruhusiwe kuwa na gari ilibidi kwanza anunue gari, na baada ya hapo lile la kwanza lingekingwa dhidi ya moto, mafuriko, wezi na mwenyewe. Mtu mwingine angecheka akashika njia. Wembe aliitikia kwa kichwa kila sharti kama mtu anayesifiwa, akatia sahihi.

Banda lilijengwa uani, pale pale mama mkwe alipozoea kuota jua. Bibi alihamishiwa upande wa ukutani na kiti chake, hakusema neno, na kutosema kwake kulisikika nyumba nzima. Kisha kikaletwa kigari kidogo kilichokwisha kutumika, rangi isiyojulikana vizuri, ambacho watoto walikiita Kopo siku hiyo hiyo. Mpango ulikuwa Wembe ampeleke mkewe kazini kwa Kopo. Alijaribu. Magoti yaligusa usukani, kichwa kiligusa paa, na mbaya zaidi, mbele ya duka la dawa wateja wake wawili walimwona na wakampungia mkono. Kesho yake alimpa mkewe funguo. Leseni mkewe alikuwa nayo tangu ujana. Kilichokosekana miaka yote ile ni gari ambalo angeruhusiwa kuligusa.

"Nenda tu, mama watoto," alisema kwa ukarimu mkubwa. "Umeshakuwa dereva."

Mkewe alikwenda, na siku iliyofuata alikwenda tena. Wembe sasa asubuhi zake alizimalizia bandani. Alifungua kufuli, akavua turubai, akafuta vumbi ambalo halikuwapo, akalifunika tena, akaenda dukani akiwa na amani moyoni. Alikuwa na gari lenye bima bora kuliko zote mjini na halikuwa likienda popote. Mara mbili tatu mkewe alimwambia mezani kwamba kuna jambo anataka waongee. Naye, kwa mazoea, huku akipaka mkate siagi, alijibu kama alivyojibu miaka yote: "Tutaongea garini."

"Gari lipi?" aliuliza mkewe siku moja.

Wembe alidhani ni utani, akacheka vizuri kabisa. Mkewe alichukua funguo za Kopo akatoka.

Aliyeliona tatizo wa kwanza alikuwa mama mkwe kwenye kiti chake cha ukutani. Alimwita mkwewe, akamuuliza hali, akamuuliza biashara, akalisifia banda kwamba ni imara. Halafu akasema kwa ile sauti yake ya unyenyekevu iliyokuwa ikimtia Wembe jasho: "Nyumba imetulia siku hizi, mkwe wangu. Hata saa ya ukutani naisikia. Nyinyi mnaongelea wapi?" Wembe alijibu kwamba wako salama, mama, hakuna tatizo. Bibi alisema anashukuru kusikia hivyo.

Wiki hiyo hiyo mtunza stoo wa hospitali alikuja kunyolewa. Alikaa, akafungwa shuka, na kabla hajasimuliwa lolote akampa Wembe hongera. Hongera ya nini? Ya mke, jamani. Si anakwenda kuwa mkuu wa wauguzi kule hospitali mpya, mji wa pili? Barua yake imeshazungumziwa ofisi nzima, kinachosubiriwa ni gari la kuhamisha mizigo. Mashine ilipita juu ya sikio la mtunza stoo na kuendelea hadi karibu na utosi. Wembe aliomba radhi, akajaribu kusawazisha upande wa pili, na mwishowe mtu aliyekuja kupunguza nywele kidogo alitoka na kipara kinachong'aa na hakulipishwa.

Jioni hakusema kitu, kwa sababu mama mkwe alikuwapo na masikio yake. Asubuhi alitangulia uani, akafungua kufuli, akavuta turubai mpaka chini, na mkewe alipotoka na mkoba wake akakuta Bi Mkubwa ananguruma na mlango wa abiria uko wazi. Alimwangalia mumewe. Alilijua sharti la bima, maana lilikuwa limesomwa mezani kwa sauti zaidi ya mara moja. Akapanda.

Walipita duka la dawa, wakapita shule, hakuna aliyesema hata mambo madogo. Walipovuka daraja Wembe alikohoa.

"Nasikia unahama."

"Umesikia kwa nani?"

"Kwa mteja."

"Nilitaka usikie kwangu," alisema mkewe. "Ukaniambia tutaongea garini."

"Ungesema hata nyumbani."

"Mama yuko pale, na wewe nusu ya mwili iko chini ya turubai. Nimwambie nani?"

Wembe alibadilisha gia ambayo haikuhitaji kubadilishwa. Aliuliza sasa atawajibu nini wakubwa zake.

"Nilishawajibu. Walitaka jibu wiki iliyopita. Nimekubali."

Hapo Wembe aligeuka kumtazama. Aliyemwona ni mwanamke aliyevaa sare iliyopigwa pasi, mtu mzima, aliyechoka kidogo na asiyejuta, na ilimwuma moyoni kwamba hajamtazama hivyo kwa muda mrefu. Ilikuwa saa nzuri ya kugeuka isipokuwa kwamba nguzo ya geti la hospitali ilikuwa mbele yao, na nguzo haikusogea. Bampa lilikunjika, taa ya kulia ikamwagika chini. Mlinzi alitoka kibandani akasimama pale mdomo wazi.

"Simkimbii mtu," mkewe aliendelea, kana kwamba hakuna kilichogongwa. "Ni kazi nzuri na nimeisubiri sana. Lakini nilitaka kuongea na wewe kwanza."

"Na mimi ningesema nini?"

Mkewe alifikiri. "Ungenuna mpaka getini. Halafu ungesema nenda."

Wembe aliangalia geti, ambalo kwa kweli walikuwa wamelifikia.

"Haya," alisema. "Nenda."

Tai alifika alasiri na mkoba wake, akalizunguka Bi Mkubwa, akasikitika kitaalamu. Kisha akavuta kiti dukani, akashusha sauti. Kijana hakuwa na roho mbaya. Alieleza kwamba kampuni italipa kila kitu, taa ya asili itaagizwa hata kama ni ng'ambo, na kinachotakiwa ni neno moja tu: safari ilikuwa ya nini. Mzee si alikuwa matembezini? Si alikuwa anainyoosha tu mashine kidogo, mapumziko yake, kabla ya kazi? Wateja waliokuwa wakisubiri zamu walijiegemeza vizuri kusikiliza, maana ikiwa kuna mtu mjini aliyeweza kutengeneza safari nzima ya mapumziko papo hapo, yenye mlima na basi na tajiri, alikuwa ni huyu.

"Nilikuwa nampeleka mke wangu kazini," alisema Wembe.

"Mzee, nikiandika hivyo hulipwi. Na bima inafutwa."

"Andika hivyo hivyo."

Tai aliandika, na sura yake ilikuwa ya mtu anayemwandikia mwingine hati ya kifo. Bima ilifutwa. Siku hizi Bi Mkubwa ana bima ndogo, ile ya lazima, inayomlipa utakayemgonga na kukuachia wewe huzuni yako. Bampa lilinyooshwa kwa nyundo. Taa ya kulia ilitolewa kwenye gari la ukoo mwingine, kwa hiyo sasa anakodoa jicho moja. Kopo kiliuzwa. Banda alipewa mama mkwe, ambaye amepata paa, kivuli na kufuli lake mwenyewe, na huko ndani hukaribisha wageni anaowataka.

Mkewe alihamia hospitali mpya. Mwisho wa wiki huja nyumbani, na kila anaporudi kazini, duka linachelewa kufunguliwa, kwa sababu mume ndiye anayempeleka, mbali, kwenye barabara ile ya vumbi na malori ambayo hakuna mkaguzi mwenye glavu nyeupe angeiruhusu. Siku ya safari ya kwanza Wembe alipakia mizigo, akafuta kioo, akafungua mlango wa dereva. Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake, ameunyoosha mkono.

"Funguo," alisema. "Njia ni ndefu, nitaanza mimi."

Mtu ambaye hakuwahi kumruhusu hata fundi kulisogeza gari lile bila yeye kutembea pembeni alisimama pale na funguo mkononi. Mama mkwe alichungulia kutoka bandani. Wembe alimpa mkewe funguo, akazunguka mbele, akalipita lile jicho la kukodoa, akakaa upande wa abiria ambako hakuwahi kukaa tangu alinunue. Kiti kilikuwa kimebonyea umbo la mtu mwingine. Mkewe aliwasha, akatoa gari uani taratibu, wakaingia barabarani.

"Haya," alisema Wembe. "Tuongee."