Ubani kwa Walinzi wa Dhahabu

Jana, arobaini ya bibi, nilifukiza ubani kwenye nyumba yake ya ghorofani, Riverdale, huku Marekani. King'ora cha moshi kikalia kama zamani. Mkono ukaenda wenyewe kutafuta kanga ya kukipepea, na hapo nikamkumbuka mzee aliyeishi ghorofa ya chini yetu.

Wewe hukumfahamu, ngoja nikueleze. Alikuwa Mmarekani mweusi, mzaliwa wa majangwa ya Magharibi, aliyejifunza Kiswahili ukubwani. Jumamosi za utoto wangu, mama akiwa kazini ghalani Landover na mimi nikiachwa kwa bibi, mzee alipanda ngazi kufuata harufu ya vitumbua vya bibi.

"Shikamoo, bibi!"

"Unanizeesha, kaka! Umenizidi miaka!"

Kisha, mafuta yangali vidoleni, alitusimulia dhahabu ya majambazi wa zamani: walivyoizika chini ya mwamba wenye umbo la tandiko la farasi, wakauawa wote kabla ya kuirudia. Baba yake aliitafuta maisha yake yote, akafia hukohuko. Sepetu yake ndiyo iliyorudi nyumbani. Mimi nilisahau kutafuna.

Kiangazi kimoja, mwishoni mwa miaka ya tisini, akasema anakwenda kuchimba, mara ya mwisho, kabla miguu haijamkatalia.

Bibi akazima jiko. "Umeomba ruhusa?"

"Serikalini?"

"Kwa wenyewe! Mali iliyozikwa ina walinzi. Ukichimba bila kufukiza, hurudi."

Akamfungia ubani, makaa na chetezo chake cha udongo alichotoka nacho Tanga. Mzee alicheka, lakini alivipakia garini pamoja na sepetu.

Kila gari lililoingia uani nilikimbilia dirishani. Nilitaka sana apate. Aliporudi, uso umeungua jua, sepetu hana.

"Umepata?" nikauliza.

Akamjibu bibi. "Mwamba nimeuona. Nikafukiza ulivyosema. Moshi wote ukaingia kwenye ufa, kama kuna mtu anauvuta kwa ndani. Nikajikuta nazungumza na baba. Nilikuwa na mengi. Nilipomaliza, makaa yamezimika, na hamu ya kuchimba sina. Sepetu nimemwachia."

Bibi akapokea chetezo chake, akasema, "Basi walikujibu."

Chetezo kilirudi na vumbi jekundu, na bibi hakulifuta kamwe.

Mzee hayupo, bibi hayupo, na ngazi zile hazinukii tena vitumbua. Dhahabu, nadhani, ipo palepale. Jana kanga niliipata, nikaishika tu, macho kwenye lile vumbi la chetezoni. Nilikuwa na mengi ya kumwambia bibi. Nikaacha king'ora kilie.