Uso wa Mkaa

Siku Mama Kibonge alipoambiwa chuoni kwamba amechaguliwa kwenda ng'ambo kusomea uchoraji mwaka mzima, alipongezwa njia nzima mpaka nyumbani. Mmoja tu hakumpongeza. Huyo alikuwa amesimama mlangoni, mikono juu, anataka nyonyo.

Ndiye Kibonge mwenyewe, mtoto aliyekwisha kujua kutembea lakini kungoja hajajua. Baba yake alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, mtu wa kubisha hodi nyumbani kwake kama mgeni. Kwa hiyo mzigo wa malezi ungemwangukia mdogo wake Mama Kibonge, fundi cherehani, aliyeshonea pale pale sebuleni. Hakuwa na kinyongo. Alisema mtoto wa dada yake ni mtoto wake, dada aende zake akasome, na tayari alikuwa amekata kitambaa kizito cha koti la baridi.

Pasipoti ilipatikana, picha alizochora za kwenda nazo zikaanza kuchambuliwa. Kilichobaki ni ziwa. Kibonge alilalia ziwa, akaamkia ziwa, na mtoto wa namna hiyo humwachi kwa mtu asiye na maziwa. Majirani walileta ushauri bila kuombwa. Huyu alisema paka shubiri, yule akasema pilipili. Pilipili Mama Kibonge hakutaka hata kuisikia, na shubiri nayo aliona ni kumwonea mtoto. Akajiuliza, kwani mimi si mchoraji? Maana hata kabla ya chuo alikuwa akichora mabango ya vinyozi na madobi, akila kwa brashi. Akajifungia chumbani na kipande cha mkaa wa kuchorea, akasimama mbele ya kioo, akajichora uso kifuani: macho yaliyotumbuka, mdomo wazi, meno kama msumeno. Aliuchora vizuri. Kosa lenyewe ndilo hilo, aliuchora vizuri mno.

Kibonge akaja kwa furaha zake, akavuta shingo ya blauzi, akachungulia. Hakulia papo hapo. Aliutazama uso ule, akamtazama mama yake, akarudi kwenye uso ule, kama anayeuliza yupi ndiye mwenyewe. Ndipo akapiga yowe lililosimamisha cherehani.

"Dada," fundi alisema alipoona, akicheka mpaka akaketi chini, "wenzako hupaka shubiri, wewe umepaka jini."

Walicheka wote wawili. Mtoto hakuomba ziwa tena siku ile wala kesho yake, na majirani wakasifu. Wahenga walisema akili nyingi huondoa maarifa, lakini siku hiyo hakuna aliyelikumbuka neno lao.

Mama Kibonge alilikumbuka juma lililofuata, mwalimu wake alipotaka picha moja ya mwisho: sura ya mtu wa nyumbani, ichorwe kwa mkaa, mwenyewe akiwa amekaa mbele yako. Angemchora nani mwingine? Alimkalisha mtoto kwenye kigoda, akatoa mkaa. Kibonge kuuona tu, akateleza chini, akakimbilia nyuma ya cherehani na kung'ang'ania sketi ya fundi.

"Mama," alilia, uso umo ndani ya sketi. "Mama."

"Mama mdogo," fundi alimrekebisha haraka, bila kuinua macho. "Sema mama mdogo. Mama yule pale."

Kibonge akazidi kung'ang'ania sketi. Neno mdogo lilikuwa limemdondoka, na hakuna aliyethubutu kuliokota.

Tangu hapo mtoto alikula kwa mkono wa fundi, akabebwa na fundi. Mama akimkaribia, alimtazama kwanza kifuani, kisha usoni. Maziwa nayo yalikuwa hayajakauka. Kifua kilijaa, kikauma, na kila kilipouma Mama Kibonge aliona anastahili.

Mwishowe alimchora kwa kumbukumbu, mwenyewe akiwa amelala chumba cha pili. Shavu likaja, kidevu kikaja. Macho ndiyo yaliyokataa. Kila alipoyafuta yalirudi yale yale ya siku ile ya blauzi, yanayouliza yupi ndiye mwenyewe. Akayaacha. Mwalimu aliishika picha muda mrefu, akasema hajaona macho kama hayo kwa mwanafunzi yeyote, ameyapataje? Mama Kibonge akajibu kwamba mwenye macho hayo anaishi naye tu. Sifa zile alizibeba mpaka nyumbani kama mali ya wizi.

Alimweleza mdogo wake yote. "Nimemtia mtoto hofu," alisema, "kisha nimekwenda kusifiwa kwayo."

Fundi alikata uzi kwa meno, akafikiri kidogo.

"Ulijichora peke yako, ukajifuta peke yako," alisema. "Yeye alimwona jini anakuja. Hakumwona anaondoka."

Mama Kibonge aliinuka. Alichukua bakuli la maji, kitambaa na ule mkaa, akaketi sakafuni, akajichora uso mdogo mkononi, usio na meno. Hakumwita mtu. Cherehani ilinyamaza. Kibonge alichungulia upande mmoja wa meza ya cherehani, akahamia wa pili. Mama akafuta jicho moja la ule uso, akaweka kitambaa chini kati yao, akatazama pembeni.

Ilichukua muda. Kisha kitu cha baridi kikamgusa mkono. Jicho la pili likafutika, mdomo ukafuata.

"Tena," Kibonge alisema.

Akachora tena. Akafutwa tena, mpaka maji yakawa meusi na mtoto yuko mapajani mwake bila mwenyewe kujua amefikaje. Ndipo Kibonge akaishika shingo ya blauzi. Aliivuta polepole, mwili umeegemea nyuma, tayari kukimbia, akachungulia.

Hapakuwa na kitu ila ziwa. Mtoto angeomba wakati ule, angepewa, na safari ingejijua yenyewe. Lakini Kibonge aliingiza kitambaa akafuta na huko pia, kwa bidii, pasipo na la kufuta. Kisha akafunika blauzi, akaipigapiga juu kama anayembembeleza mtu.

"Kaenda," alisema.

Jini au maziwa, hakufafanua. Mama Kibonge aliitikia kwamba ndiyo, kaenda, akamkumbatia ili asimwone uso. Fundi naye alirudisha mguu kwenye cherehani. Mkono mmoja wa koti la safari ulikuwa bado kushonwa.