Jikedume wa Karakana

Neno jikedume lilimfikia Mama fundi kwanza kutoka kinywani mwa shemeji yake, siku aliyofungua karakana ya marehemu mumewe akashika mashine ya kuchomelea.

"Huyu si mwanamke, ni jikedume," shemeji aliwaambia wateja, nao wakacheka. Mama alishusha miwani nyeusi, akaendelea kuunga bawaba ya geti.

Mwenye kucheka na acheke, lakini kicheko hakichomelei chuma. Upepo mkali ulipopita mtaani, mageti mengi yaling'oka, yake yakabaki wima. Watu wakaulizana, "Haya kachomelea nani?"

"Yule jikedume."

Tusi likageuka anwani. Mwenyewe akalikata herufi kwa herufi kutoka kwenye bati, akalichomelea juu ya mlango wa karakana. Shemeji naye alileta geti lake lililopinda, akapita chini ya neno lake mwenyewe, akangoja zamu kama wenzake.

Miaka imepita, na juzi mjukuu wa kike wa Mama alirudi kutoka shule akilia. Kawashinda wavulana mpira, wakamwita jikedume. Bibi alizima mashine, akavua glavu.

"Nyamaza, mama. Waambie jina hilo lina mwenyewe. Nawe ukilitaka, ulifanyie kazi kwanza."